Ada ya Watoto Wasiozaliwa

Posa ya Agnela ilikwenda vizuri mpaka pale baba yake alipoulizia shule.

Kabla ya hapo sebule ya nyumba ile ya Kimandolu ilikuwa na raha zake. Wageni walifika asubuhi kutoka kule juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mashuka mekundu yakiwa juu ya makoti ya suti, asali kwenye madumu, na kondoo dume mmoja ambaye sasa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya geti akiwatazama wapita njia kwa dharau. Magumu yote yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe walikubaliwa. Mablanketi ya mama na ya shangazi yalikubaliwa. Hata lile la Agnela kuwa Mkatoliki wa Kibosho na Koikai kuwa Mlutheri, ambalo kila mtu alidhani ndilo litakalozua balaa, padre na mchungaji walikuwa wameshalimaliza wenyewe kwa simu, tena huku wakicheka.

Agnela alikuwa jikoni, amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, sikio lake likiwa limegandamana na pazia. Sikio la pili la pazia lilikuwa la mdogo wake, Evelyn. Kwa desturi ya ukoo wao, msichana haingii sebuleni mpaka aitwe. Akiitwa, anaulizwa kama anawafahamu wageni, kisha anapewa kata ya mbege, pombe ya ndizi. Akionja na kumpa yule kijana, mambo yamekwisha, watu wanakula. Akiiweka chini, wageni wanafungua kondoo wao na kurudi walikotoka.

"Bado kidogo tu," Evelyn alinong'ona. "Baba Mdogo ameshakunja karatasi."

"Koikai anafanya nini?"

"Anaangalia zulia."

Agnela alitabasamu. Koikai alikuwa akiangalia zulia tangu asubuhi, kwa sababu kwao Waarusha kijana hamtumbulii macho mama mkwe. Mama yake Agnela, ambaye hakuambiwa hivyo, alikuwa ameshakuja jikoni kuuliza kama kijana huyo ana deni mahali.

Ndipo Mzee Melkizedeki alipokohoa. Wanawe walikijua kikohozi kile. Ndicho alichokuwa akikitoa dukani kabla ya kumwambia mteja bei.

Mzee Melkizedeki alikuwa na imani mbili maishani, Kanisa Katoliki na ada. Duka lake la sare za shule, karibu na Soko Kuu, lilikuwa limevisha nusu ya watoto wa Arusha, marinda ya bluu na mashati meupe, na faida ya kila rinda aliipeleka kulipia shule za Inglishi Midiamu kwa wanawe wote. Alikula ugali na dagaa ili wao waseme "gudi moningi" bila kung'ata ulimi. Kwa hiyo Agnela akawa mwalimu wa chekechea katika shule moja ya kulipia kule Themi, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi kusema Kiswahili hata wakiumwa na nyuki.

"Jambo dogo tu la mwisho," alisema mzee.

"Kaka, tumeshamaliza," alisema Baba Mdogo Philemoni, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji rasmi wa siku hiyo na tangu asubuhi alikuwa hajaachiwa amalize sentensi.

"Tumemaliza ya ng'ombe. Mwalimu Koikai!"

"Naam, mzee."

"Wewe ni kijana mwenye adabu. Ulikuja dukani kwangu kuwanunulia yatima wa shuleni kwako mashati, nikasema huyu ni mtu. Sikujua kwamba mashati ni chambo." Watu wakacheka. Ni kweli kwamba Koikai alirudi dukani mara nyingi kuliko yatima wake walivyohitaji, na kila mara alirudi siku ambayo Agnela alikuwa likizo na ameshika kaunta. "Binti nakupa. Sasa niambie kitu kimoja. Wajukuu zangu watasoma wapi?"

Mzee Lomayani, baba mkubwa wa Koikai na kiongozi wa msafara, aliweka kikombe chini polepole. Akamgeukia Koikai.

"Wajukuu gani? Kuna wajukuu?"

Jikoni, mama aliangusha mwiko.

"Hakuna, baba!" alisema Koikai, uso umemwiva. "Hakuna hata mmoja."

"Watakuwepo," alisema Mzee Melkizedeki. "Mimi ni mfanyabiashara, napanga mapema. Nataka neno hapa, mbele ya wazee. Wajukuu zangu wasome Inglishi Midiamu. Mshahara wa mwalimu naujua, sitaki kukutesa. Ada ikikushinda nitalipa mimi, tena ya muhula mzima kwa mkupuo. Wewe sema tu ndiyo, tuite binti, tunywe."

Kwa hakika hakuna mkwe aliyewahi kuombwa neno jepesi namna hiyo. Ndiyo. Mtoto mwenyewe hayupo, shule yenyewe haijachaguliwa, na anayelipa ni mtu mwingine. Agnela alifumba macho nyuma ya pazia. Sema ndiyo, mpenzi wangu, alimwomba kimoyomoyo. Sema ndiyo, hayo mengine tutayajua huko mbele.

Lakini Koikai alikuwa mtu asiyejua kudanganya. Ndicho Agnela alichompendea, na leo ndicho kilichokuwa kinamletea jasho la kwapa.

"Mzee, siwezi," alisema Koikai.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusema ndiyo. Nimeshaahidi kwingine."

Kondoo alilia getini.

"Kwenye mkutano wa wazazi," Koikai aliendelea, macho yakiwa bado kwenye zulia. "Wazazi wenye uwezo wanawahamisha watoto wao, mmoja baada ya mwingine. Nikasimama nikawaomba wasiwahamishe, nikawaambia shule ni yetu, tuijenge. Mzazi mmoja akanyoosha mkono akauliza, 'Mwalimu, na wako utawapeleka wapi?' Nikasema watoto wangu mimi watakaa kwenye madawati haya haya."

"Ni kweli kabisa," alisema Mzee Lomayani kwa fahari. Alidhani anasaidia. "Nilikuwepo. Alisema vizuri sana, mpaka wazee tukamwita mbele tukamtemea mate."

"Mkamtemea mate?" alishangaa Baba Mdogo Philemoni.

"Ya baraka. Mate ya wazee yakishamwangukia mtu juu ya neno lake, hayarudi mdomoni."

Mzee Melkizedeki alisimama. Alikuwa mfupi, lakini akikasirika nyumba nzima haikumtosha.

"Wajukuu zangu," alisema, "wa damu yangu, wakasome Mtakatifu Kayumba, shule ya serikali! Darasa moja watoto tisini! Mimi nimevaa koti moja tangu Evelyn ananyonya, ili watu wa nyumba hii wasikanyage huko. Na wewe ulishawauza mkutanoni, ukatemewa mate, ndipo ukaja kwangu na asali?"

"Mzee, sikuwauza..."

"Mazungumzo yamesimama! Wageni, malizeni chai. Philemoni, usiandike kitu."

"Sijaandika kitu tangu asubuhi," alisema Baba Mdogo.

Evelyn aligeuka kumwambia dada yake kitu, akakuta pazia linacheza peke yake.

Agnela alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Alisimama kando ya tangi la maji, mikono imekunjwa, akihema. Haikupita muda Koikai naye akatokea kwa kuzunguka nyumba, amevua koti la suti, shuka lake likiwa limemwangukia begani upande. Alikuwa mrefu, mwembamba, na macho yake, ambayo sasa hayakuwa na zulia la kuangalia, yalitua usoni kwa Agnela na kubaki hapo.

"Agnela."

"Usiniite."

"Nisikilize kidogo tu."

"Niliposimama nyuma ya pazia nilikuwa nasikiliza, Koikai. Nimesikia kwamba nina watoto. Nimesikia wameshaandikishwa shule. Nimesikia mpaka mate. Mama yao ndiye wa mwisho kupata habari!"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Wakifika darasa la nne?"

Koikai alijikuna shingo. "Swali lilikuja ghafla. Watu wote wananitazama. Ningesema nini? Niwaambie ninyi bakisheni wenu hapa, mimi wangu nitawapeleka mjini kwenye basi la njano? Nisingeweza kuingia tena darasani."

"Ungesema, 'Nitamuuliza mwenzangu.'"

Koikai aligeukia tangi la maji.

"Maneno mawili tu," alisema Agnela, na sauti ikaanza kumkatika, jambo lililomuudhi zaidi. "Unadhani nimekasirika kwa sababu ya Kayumba? Mimi nafanya kazi huko Inglishi Midiamu, nakujua kuliko baba. Juzi nina mtoto wa miaka mitatu, kajipiga kwenye mlango, anataka kumlilia mama yake, akakumbuka Kiswahili hakiruhusiwi. Akaninyamazia. Machozi yanamtoka na mdomo kaufunga. Nilikwenda chooni nikalia mimi badala yake. Kwa hiyo usinione kama baba. Lakini na kwako nimefika. Nimeona watoto wanne kwenye dawati moja, nimeona wanaoandika sakafuni. Hilo ni jambo la kukaa watu wawili wakaumiza vichwa. Wewe ulikaa na mkutano mzima, ukanisahau mimi."

"Sikukusahau hata..."

"Umeahidi tumbo langu, Koikai. Mbele ya watu. Hukuniuliza."

Upepo wa mlimani ulipita, ukalipeperusha shuka la Koikai, na Agnela alitamani kulishika alirudishe begani kama alivyozoea. Alikunja mikono kwa nguvu zaidi ili isimsaliti. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba alimpenda hata alipokuwa amesimama pale kama mti wa umeme.

"Wakiniita ndani," alisema, "sijui kata nitaipeleka wapi. Nakwambia ukweli kama wewe unavyopenda kuambia watu ukweli. Sijui."

Kabla Koikai hajajibu, wote wawili walimwona Mzee Lomayani.

Mzee alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele na alikuwa akizunguka uani ameinama, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ukipapasa chini kama mtu aliyeangusha sindano. Alitazama kando ya ukuta. Alitazama chini ya gari. Alimsogeza kondoo, akatazama alipokuwa amesimama kondoo.

"Anatafuta nini?" Agnela aliuliza, akisahau kwa dakika moja kwamba hazungumzi na mtu huyo.

"Nyasi," alisema Koikai.

"Nyasi?"

"Kwetu watu wakigombana, mzee anang'oa nyasi anazishika mkononi. Maana yake anaomba amani. Mwenye hasira akiziona, anapoa."

Agnela aliutazama ua wa baba yake. Ua mzima ulikuwa umetandikwa matofali ya kisasa, mekundu na meusi, kutoka getini mpaka kwenye choo cha nje. Mzee Melkizedeki aliyatandika mwaka ule biashara ilipochanganya, na alikuwa anamlipa mtu aje kila Jumamosi kung'oa chochote chenye rangi ya kijani kilichothubutu kuchungulia. Hapakuwa na unyasi wa kumtosha panzi.

Mzee Lomayani alinyooka, akashika kiuno. Uso wake ulionyesha huruma kubwa kwa watu wanaoishi hivi. Kisha akakiona chungu cha maua kando ya geti, na ndani ya chungu mmea mmoja wenye majani marefu ya kijani, umenyooka, umependeza. Akasema kitu kwa Kimaasai, kama mtu anayemshukuru Mungu. Akaushika chini kabisa, akavuta.

"Yesu na Maria!" Agnela aliruka. "Ameng'oa sale la bibi!"

Alikimbia, lakini mzee alikuwa ameshaingia ndani.

Agnela alipofika kwenye pazia, Evelyn alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee Lomayani alikuwa amesimama katikati ya zulia, shina la sale mikononi, udongo unadondoka, na alikuwa amemnyooshea Mzee Melkizedeki kwa heshima zote, mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Mkwe wangu," alisema, "naomba amani."

Mzee Melkizedeki alibadilika rangi. Alilitazama lile jani kama mtu aliyeletewa hati na polisi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Hajui!" alisema hatimaye. "Huyu hajui maana yake! Katoa kwenye chungu!"

"Melki."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha pembeni. Bibi Hedwiga, mama yake mzee, alikuwa amelala tangu walipofikia ng'ombe, na wote walikuwa wameshamsahau. Sasa macho yake yalikuwa wazi, tena yalimeremeta. Sale lile alilileta yeye mwenyewe kutoka kihambani, shamba la ukoo kule Kibosho, amelipakata kwenye basi, siku mwanawe alipoziba udongo wote kwa matofali.

"Melki, hicho alichoshika ni nini?"

"Mama, huyu mtu ametafuta nyasi akakosa..."

"Nimekuuliza ni nini."

"Sale, mama."

"Amelishikaje?"

"Kwa mikono miwili."

"Basi kaa chini."

Mzee Melkizedeki akakaa. Biashara haimfundishi mtu kumjibu mama yake.

Mzee Lomayani aliwatazama kwa wasiwasi. "Nimekosea kitu? Nilitafuta majani. Nyumba hii haina majani. Ng'ombe wangu wakija hapa watalia."

"Hujakosea, baba," alisema Bibi Hedwiga. "Kwetu mtu akikuletea sale, amekuomba msamaha. Hata kama aliua, huwezi kumkatalia. Ukikataa, aibu inahama kwake inakuja kwako na inakaa na watoto wako. Wewe umeng'oa na mizizi. Sijawahi kuona mtu anayeomba msamaha kwa kiasi hicho."

Mzee Lomayani akafikiri. Kisha akalisogeza sale mbele zaidi, karibu liingie puani kwa Mzee Melkizedeki.

"Ashe oleng," alishukuru kwa Kimaasai. "Basi pokea."

Mzee Melkizedeki alipokea. Udongo ulimwagika kwenye suruali yake ya kanisani. Baba Mdogo Philemoni alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha.

"Nimesamehe," alisema mzee kwa sauti ya mtu anayeuza kwa hasara. "Lakini shule..."

"Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa," alisema Bibi Hedwiga. "Na wewe kukata kanzu ndiyo kazi yako, ungepaswa kujua. Mwiteni huyo msichana. Mwenye tumbo hajaulizwa na mtu tangu asubuhi."

Agnela alisikia maneno hayo yakimwingia kifuani na kukaa. Evelyn alimtia kata ya mbege mkononi, akamsukuma.

Alipoingia, watu wote walijiweka sawa kwenye viti. Koikai alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni, koti mkononi. Hakuangalia zulia. Alimwangalia yeye, na uso wake ulikuwa na hofu iliyo wazi kabisa, hofu ya mtu mzima, bila aibu. Agnela akainamisha macho ili asije akamwonea huruma.

"Binti yetu," alianza Baba Mdogo Philemoni, akifurahi kwamba hatimaye sentensi ni yake, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, Baba Mdogo. Mzee Lomayani namfahamu. Wazee wote nawafahamu." Akaelekeza kata mlangoni. "Yule wa mlangoni nilidhani namfahamu."

Ngurumo ndogo ilipita sebuleni. Koikai akafanya jambo ambalo hakuna mila ya upande wowote iliyolipangia nafasi. Alitembea mpaka mbele ya Mzee Melkizedeki, akainama.

"Mzee, naomba kuazima hilo."

"Kuazima sale?"

"Nitalirudisha."

Mzee Melkizedeki alimtazama mama yake. Mama yake alitikisa kichwa kukubali, mdomo unacheka. Sale likatoka mkono huu likaingia mkono ule, na Koikai akaja kusimama mbele ya Agnela. Alilishika kwa mikono miwili, kama alivyosikia inavyotakiwa.

"Agnela," alisema, na hakunong'ona, kila mtu alisikia. "Nimekukosea. Niliahidi kitu ambacho si changu peke yangu. Jumatatu nitawaita wale wazazi nitawaambia nilisema kabla sijamuuliza mke wangu. Kama wazee watataka mate yao, nitawarudishia nitakavyoweza."

"Hayarudi," alisema Mzee Lomayani.

"Nitaona. Lakini wewe sikukuuliza, na hilo ndilo lililokuumiza. Nisamehe."

Ajabu ya moyo wa mtu ni kwamba unaweza kubeba jiwe asubuhi nzima, na jiwe likaanguka kwa sababu ya maneno mawili matatu yaliyosemwa vizuri. Agnela aliona machozi yanakuja, akayaacha yaje.

"Sasa niulize," alisema.

"Nini?"

"Ulichotakiwa kuniuliza. Niulize."

Koikai alivuta pumzi. "Agnela, watoto wetu, Mungu akitupa, wakasome shuleni kwangu?"

Mzee Melkizedeki alifungua mdomo. Bibi Hedwiga aliinua kidole kimoja. Mdomo ukafungwa.

"Wakasome," alisema Agnela. "Tena nisikilize vizuri, maana na mimi nina masharti. Kimaasai watafundishwa na bibi yao wa kwenu. Kichaga watafundishwa hapa. Kiingereza nitawafundisha mimi mwenyewe mezani, na mtoto akitaka kulia atalia kwa lugha yoyote anayotaka."

"Na Kiswahili?" aliuliza Evelyn kutoka nyuma ya pazia, akisahau kwamba hayupo.

"Kiswahili atafundisha baba yao, ndiyo kazi anayolipwa." Kicheko kikapasuka. Agnela akamkazia Koikai macho. "Wakifika darasa la tatu tunakaa tena, wawili. Mtoto akiwa hajui kusoma namhamisha, na wewe mwenyewe ndiye utakayembebea begi mpaka kwenye hilo basi la njano."

"Nitambebea," alisema Koikai.

"Na hao wazazi uwaambie hilo pia."

"Nitawaambia."

"Basi lete."

Alilipokea sale, na mikono yao ikagusana juu ya udongo, ikakawia hapo kuliko ilivyo adabu mbele ya wazee.

"Haya yote mnayazungumza," alisema Mzee Melkizedeki kwa uchungu, "kana kwamba mimi sipo. Mimi niliyelipa ada!"

Agnela akamgeukia. Alipiga goti mbele yake, kata mkono mmoja, sale mkono mwingine.

"Baba, hakuna siku nitakayosahau. Lakini ada yangu ililipwa na nani? Shule za kulipia zinauza sare zao zenyewe, dukani kwako hawaji. Kila shilingi uliyopeleka kule ilitoka kwenye marinda ya Kayumba. Watoto wale ndio walionisomesha."

Uliweza kumwona Mzee Melkizedeki akipiga hesabu kichwani, rinda kwa rinda, mwaka kwa mwaka, na hesabu ikimgomea kila alipojaribu kuipindisha. Uso wake ulilainika, halafu taratibu ukaingiwa na kitu kingine, kitu ambacho wanawe walikijua tangu utoto. Akakohoa.

"Shule yenu huko juu," alimwambia Koikai, "sare wananunua wapi?"

"Kila mtu kwake, mzee."

"Hapana. Wajukuu zangu wakisoma hapo, shule nzima inavaa kutoka kwangu. Bei ya jumla. Yatima bure. Na madawati," alisita, ikamuuma, akalisukuma nje, "madawati nitaongea na fundi. Mjukuu wangu hataandika sakafuni."

"Aika mbe!" alishukuru Bibi Hedwiga kwa Kichaga, akijipiga kofi gotini. "Sasa tunyweni, nina kiu tangu ng'ombe."

Agnela alisimama. Aliinua kata, akaonja mbege, ikamwachia povu juu ya mdomo, akampa Koikai. Koikai alikunywa bila kumwondolea macho, na vigelegele vya mama vikatoka jikoni na mwiko wake ukiwa bado mkononi. Kondoo getini, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kufurahi, alilia pia.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, Agnela alimpelekea bibi yake lile shina la sale, mizizi inaning'inia. "Bibi, nikurudishie chunguni?"

Bibi Hedwiga alilichunguza, akalifuta udongo kwa ncha ya kanga, akamrudishia mikononi.

"Nenda nalo. Kalipande mlangoni kwako, linashika haraka. Mtagombana tena kabla mvua haijaisha."

"Litatosha hili moja, bibi?"

Bibi alimtazama Koikai, aliyekuwa akimwambia Mzee Melkizedeki ukweli fulani kuhusu ubora wa vifungo vya mashati yake. Alimtazama Mzee Melkizedeki, aliyekuwa ameshaanza kuvimba shingo. Kisha akamtazama mjukuu wake.

"Pandeni ua mzima," alisema.